Wifi na Mji Wenye Mbingu ya Rangi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipoingia kwetu Turffontein, Johannesburg, akitokea Dar es Salaam, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Kumbe ndogo hivi? Kwenye picha ilionekana nyumba."

Hapo hata viatu hajavua. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akizungusha macho kama mtu anayetafuta mlango wa kuendelea mbele. Hapakuwa na mlango wa kuendelea mbele. Sebule ndiyo hiyo, na jiko liko nyuma ya pazia. Mume wangu akacheka kile kicheko chake cha aibu. Mimi nikaenda kuchemsha chai, maana mtu mwenye sufuria mkononi halazimiki kujibu.

Sikumpenda tangu siku ya harusi yangu kule Tanga, aliponivuta ushungi mbele ya watu ili aangalie kama hereni zangu ni za dhahabu. Zilikuwa za dhahabu. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Nyepesi lakini," akaenda kula biriani.

Huyo ndiye niliyekaa naye mwezi mzima. Ana duka la vitambaa Kariakoo, ana nyumba ya mumewe marehemu, hakujaaliwa mtoto, na ana kikundi cha akina mama kwenye simu ambacho kazi yake ni kuoneshana. Leo huyu kaonesha sofa, kesho yule kaonesha Umra. Sasa mmoja wao, miezi michache kabla, alipelekwa na bintiye Ulaya, na kutoka huko akawaletea wenzake picha za mgodi wa kale wa chumvi: mapango chini ya ardhi, ngazi za chumvi, mataa ya chumvi yanayoning'inia. Jioni ya siku hiyohiyo akawapigia picha za mji wa zama za kati, wenye kuta na mnara na vichochoro vya mawe. Yote kwa siku moja. Tangu hapo wifi yangu hakulala vizuri. Alinionesha zile picha mezani huku akizikuza kwa vidole, akasema, "Mtu mwenyewe hata kuvaa hajui. Tazama hicho kitambaa kichwani."

Kama angeishia kusengenya ningemwelewa. Balaa ni kwamba jirani yetu alisikia.

Jirani yetu ni Mkongo wa Lubumbashi, fundi cherehani, na fundi kweli. Suti zake unaweza kumzikia mtu wa heshima. Lakini mwaka ule aliamua kwamba cherehani inamdhalilisha. Akanunua gari la mkononi la viti saba, akachapisha fulana yenye neno "Guide" mgongoni, akaanza kuwabeba wageni wa watu kwenda kuona Soweto. Alikuwa amekuja kuazima pasi. Akazitazama zile picha juu ya bega la wifi, akapiga ulimi.

"Mama, kwa nini kwenda mbali? Ile yote iko hapa. Chumvi ya zamani iko. Muji ya zamani ya Bazungu iko. Siku moja, tunamaliza, tunarudia nyumba."

"Hapa Johannesburg?" wifi akauliza.

"Hapa hapa, mama. Barabara iko muzuri sana."

Mimi nikamwambia mume wangu, usiku ule tulipobaki wawili, kwamba huyu fundi ni mwongo na dada'ko ni mjinga, na waongo na wajinga wakipatana hawahitaji shahidi. Akanishika mkono. "Nenda naye, mke wangu. Mimi nina kazi Jumapili. Ni mgeni, na ni dada'angu. Akipotea nitamwambia nini mama?"

Basi nikaenda. Mimi, mtu aliyezaliwa karibu na majaruba ya chumvi, ambaye mama yake alikwangua chumvi juani mpaka visigino vikapasuka, nikapanda gari Jumapili asubuhi kwenda kuangalia chumvi kama maonesho.

Wifi alitoka chumbani kavaa abaya nyeusi yenye vijiwe vya kumeremeta kuanzia kifuani hadi chini, ushungi wa hariri, na viatu vya visigino. Nikamwambia tunakwenda porini. Akanitazama suruali yangu na raba zangu, akasema, "Kila mtu na anavyojiheshimu."

Tulikwenda kaskazini, tukaipita Pretoria, tukaacha barabara kuu, tukaingia kwenye vitongoji ambavyo kila robot, zile taa za barabarani, ina mtu anayeuza machungwa. Wifi akawa anatazama nje na kuguna. "Hii ndiyo Afrika Kusini? Mbona kama Mbagala?" Fundi hakukata tamaa. Alikuwa amekariri maelezo, akayatoa yote kabla hatujafika: kwamba zamani sana, mbele ya bankambo, ndio mababu, kuzaliwa, kitu kilianguka kutoka juu, kama nyota, kikachimba shimo kubwa, kwamba chini ya shimo pana ziwa la chumvi, kwamba watu wa kale walitembea siku nyingi kuja kuchota, kisha Bazungu wakaja na mashine.

"Bazungu balikuwaka banatosha chumvi mu ile maji, mama. Mugodi kabisa."

"Na mataa ya chumvi yapo?" wifi akauliza.

Fundi akakohoa. "Tutaona, mama."

Nikageuza uso dirishani nicheke.

Mahali penyewe ni hifadhi tulivu. Pana ndege wengi, miti ya miiba, na njia ya miguu inayopanda kidogo kisha kushuka kwenye shimo. Kwa anayependa hewa, pazuri. Wifi hakuja kwa ajili ya hewa. Tuliposimama ukingoni akatazama chini, akaona bakuli kubwa la vichaka, na katikati yake maji ya kijani kibichi yenye ukingo mweupe. Akangoja. Nadhani alikuwa anangoja mtu afungue kifuniko, mapango yatokee.

"Machimbo yako wapi?"

"Njo haya machimbo, mama."

"Haya shimo. Nimeuliza machimbo."

Fundi akatuongoza chini mpaka kwenye mabaki ya kiwanda: sakafu ya zege iliyopasuka, kuta fupi zisizo na paa, vyuma vilivyoliwa na kutu. Akanyoosha mkono kama mtu anayefungua pazia la jukwaa. Wifi akaitazama ile zege. Nyuma ya duka lake Kariakoo ana zege nzuri kuliko hiyo. Akageuka kwangu, si kwa fundi, kana kwamba mimi ndiye niliyelijenga hilo gofu kisha nikaliacha, akasema, "Mwenzangu kapigwa picha na malaika wa chumvi. Mimi nipigwe na choo kilichobomoka?"

Nilimdharau, lakini sikuweza kukanusha kwamba kilifanana na choo kilichobomoka.

Tukashuka hadi ziwani. Huko tukakuta watu: akina mama wa kanisa la Zion, wale wa kanzu nyeupe na mishipi ya kijani, na fimbo ndefu mkononi. Walikuwa wanachota maji na chumvi kwenye chupa na ndoo ndogo, kwa taratibu, bila haraka. Nilijua wanafanya nini. Kwetu Turffontein wapo wengi. Maji ya chumvi kwao ni dawa, huombewa, mgonjwa akanywa au akaoga. Mmoja, mnene, mwenye mabega kama ya mpagazi, alikuwa mkubwa wao. Wengine walikuwa wanaimba chini chini, na ule wimbo ulilifaa lile shimo kuliko maelezo yote ya fundi.

Wifi akatoa simu.

Yule mama mkubwa akainua kiganja. "Hayi, sisi. No."

"Anakuita dada, na anakataa," nikamwambia wifi. "Wanaswali. Weka simu."

"Kwani nawala nyama?" Akaendelea kupiga. Yule mama akageuza mgongo, na wenzake wakageuza migongo, wakabaki weupe kama kuta. Nikaona haya mpaka shingo ikapata moto. Fundi naye, mwenye fulana ya kuongoza, alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake.

Wifi alipokosa nyuso akatafuta mandhari. Ukingoni mwa maji palikuwa na gamba jeupe, limelala sawasawa, lenye kung'aa. Kwa mbali ungedhani sakafu ya marumaru. Akanikabidhi simu. "Nipige nikiwa pale juu ya chumvi. Kuanzia miguuni, viatu vionekane."

"Wifi, ule si udongo mgumu."

"Wewe hutaki tu nitoke vizuri."

Hilo lilikuwa kweli pia, ndiyo maana sikurudia onyo. Akaenda, hatua ya kwanza, ya pili, ameshika abaya kwa vidole viwili. Gamba lilimbeba kiasi cha kumdanganya. Akageuka, akainua kidevu, akaweka mkono kiunoni. Nami nilikuwa nimemlenga kwenye kioo cha simu nilipomwona anafupika.

Mguu mmoja ulizama mpaka gotini. Akauvuta, wa pili ukazama zaidi. Akakaa. Kile cheupe kilikuwa ngozi tu. Chini yake palikuwa na tope jeusi tititi, zito, lenye harufu ya mayai yaliyooza. Likamfika mapajani, likampanda mgongoni. Akapiga ukelele ambao ndege wote waliunyamazia.

"Nakufa! Mama yangu, nakufa!"

Fundi akakimbilia ukingoni, akasimama. Akaanza kuvua viatu, akavivaa tena. "Mama, usiogope! Usitikisike! Bakia hivyo hivyo!" Kisha akaniambia mimi kwa sauti ya chini, "Mimi nina mgongo."

Waliomtoa ni wale waliopewa simu usoni. Yule mama mkubwa aliweka ndoo chini, akajifunga kanzu kiunoni, akatoa amri moja kwa Kizulu, wakajipanga. Wakatandaza matawi juu ya gamba. Wakanyoosha fimbo zao, wifi akazishika mbili, moja kwa kila mkono, nami nikashika kiuno cha wa mwisho kwenye mstari. Tukavuta. Alitoka kama jino, kidogo kidogo, halafu kwa ghafla, na sote tukaanguka nyuma kwenye majani. Wale akina mama wakacheka mpaka machozi. Mimi nikacheka nao. Wifi alikuwa kifudifudi, mweusi kuanzia kifuani mpaka chini, kiatu kimoja kimebaki chini ya ziwa pamoja na hiyo nyota yao.

Walimwosha kwa maji waliyokuja nayo ya kunywa. Uso, mikono, miguu. Abaya haikuoshika. Ushungi nao ulikuwa umelowa uvundo. Yule mama mkubwa akafungua begi lake akatoa kanzu ya akiba, nyeupe, iliyonyooshwa pasi, pamoja na mshipi wa kijani na kitambaa cheupe cha kichwa. Akamshikisha wifi.

"Anasema uvae," nikatafsiri. "Utamrudishia siku nyingine. Amemwelekeza fundi anakokaa, ni kwenye vile vitongoji tulivyopita."

"Mimi? Nivae kanzu ya kanisa? Mimi hajati?"

"Basi vaa tope."

Fundi akajaribu kusaidia. "Mama, Mungu ni moja."

"Nyamaza wewe! Muongo mkubwa!"

Akavaa. Tulimzingira kwa khanga yangu ya begani nyuma ya lile gofu la zege, akatoka mweupe tangu utosini hadi vifundoni, mshipi wa kijani kiunoni, na miguuni kandambili za fundi, alizozifuata garini. Na niseme ukweli unaoniuma: vilimpendeza. Vijiwe vyote vile vya kumeremeta havikuwahi kumpa sura niliyoiona pale. Alionekana mtu wa maana. Yule mama mkubwa akamtengeneza kitambaa kichwani, akampigapiga shavuni kama mtoto, akarudi kuchota maji yake. Wifi hakusema asante. Nilisema mimi.

Ndani ya gari nilidhani tunarudi nyumbani. Wifi alikuwa nyuma, abaya imefungwa kwenye mfuko wa plastiki miguuni, madirisha yote wazi kwa ajili ya harufu.

"Twende huo mji," akasema.

"Wifi, na hayo mavazi?"

"Kuna maduka huko?" akamuuliza fundi.

"Maduka iko mingi sana, mama."

"Basi nitanunua gauni. Nimetoka Dar kuona mji, nitauona. Nisipopata hata picha moja ya leo, nitawaambia nini wale?"

Huyo ndiye wifi yangu. Nusu saa kabla alikuwa anamwita mama yake kutoka kwenye tope, sasa anawafikiria wale.

Mji wa zama za kati wa fundi uko kaskazini mwa Johannesburg, na kuta zake zinaonekana kutoka barabarani, pamoja na mnara. Kwa mbali wifi akafurahi, akajiinua kwenye kiti. Kwa karibu ukaona maegesho yenye ghorofa. Tukapita chini ya mtambo wa kukagua vyuma, mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, na ndani palikuwa jioni.

Nje ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma. Ndani jioni. Walikuwa wameezeka mji mzima kwa dari, wakaipaka mbingu. Upande mmoja buluu yenye mawingu, upande mwingine usiku wenye nyota za taa. Chini ya mbingu hiyo wamejenga nyumba za Kizungu za kale zenye rangi ya kupauka, na kupauka kwenyewe kumepakwa na mafundi. Vichochoro vina mawe. Kwenye madirisha ya juu, ambako hakai mtu, wametundika kamba na kuanika nguo: mashati, shuka, soksi. Nguo ambazo hazijawahi kuvaliwa wala kufuliwa. Kwetu Turffontein mwenye nyumba hutukaripia tukianika nguo upande wa barabarani, anasema tunaharibu sura ya mtaa. Hapa watu wanakuja na familia kuzipiga picha.

Na huo mji wote, ukitega sikio, unalia. Katikati yake, badala ya msikiti au kanisa, pana mashine za kamari, mamia, zinaimba kila moja wimbo wake. Huko ndiko vichochoro vyote vinakoelekea.

"Wa karne gani?" wifi akamuuliza fundi.

"Wa zamani, mama."

"Wa zamani gani? Hii plasta." Akagonga ukuta kwa pete yake. Ukalia kama debe. Mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua, alisema jambo nililokuwa nalisema moyoni.

Fundi akatuaga, anakwenda choo. Baadaye nilijua alikwenda kwenye mashine.

Tukatembea. Na hapo ndipo nilipoanza kuona. Wazungu walitupisha bila kututazama, lakini Waafrika, hasa wafanyakazi, walikuwa wanainamisha kichwa. Msichana wa mkahawa alimwamkia, "Sawubona, Mama," kwa adabu. Mlinzi akavua kofia. Wifi akadhani ni yeye. Akaanza kujibu kwa kichwa, kama mke wa balozi.

"Watu wa hapa wana heshima," akaniambia.

"Wanaiheshimu kanzu, si wewe."

Karibu na chemchemi, ambayo maji yake yananuka dawa ya bwawa la kuogelea, mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki. Wa makamo, mwembamba, sare ya bluu. Alipomwona wifi akaacha fimbo ya deki ikaanguka. Akatazama huku na huku, akaja mpaka mbele yetu, akapiga magoti kwenye yale mawe ya kuigiza, viganja vimefunguliwa.

"Mama, ngithandazele."

Akaendelea kusema upesi, kwa sauti ya chini, na machozi yalikuwa yameshaanza.

"Anasema nini?" wifi akauliza.

Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia yule mwanamke, inuka dada, huyu si mama wa kanisa, huyu ni mwuza vitambaa aliyezama kwenye tope kwa sababu ya picha. Ningeweza kulisema kwa Kizulu safi na wifi asingejua. Lakini wifi alikuwa ananitazama, anangoja, nikajikuta namjibu.

"Mwanawe amelazwa hospitali. Kifua. Jana hakumjua mama'ke. Mwenyewe hakupewa ruhusa ya kutoka kazini leo. Anataka umwombee. Anadhani wewe ni mkubwa wa kanisa lao."

Nilingoja afanye anachofanya siku zote. Akunje pua, arudi nyuma, aseme hayo si yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau mpaka kiama.

Wifi akamtazama yule mwanamke. Kisha akavua kandambili, nadhani hata yeye hakujua kwa nini, akasimama peku. Akamwekea mkono wa kulia kichwani. Akasoma Fatiha, taratibu, kwa ile sauti ya watoto wa chuoni wa zamani, inayopanda na kushuka. Akasoma na dua ya mgonjwa, akairudia na kuirudia. Halafu akaanza kuomba kwa Kiswahili, na hapo sauti ikamkatika.

"Mwachie mtoto wake, Mola. Huyu umeshampa. Usimpe mtu halafu ukamnyang'anya. Mwachie."

Yule mwanamke hakuelewa hata neno moja. Akaitikia, "Amen, Mama, amen," kila wifi alipovuta pumzi. Watu wakasimama. Familia moja ilidhani ni sehemu ya maonesho, baba akatoa simu. Nikaenda nikasimama mbele ya simu yake mpaka akaishusha.

Kisha akaja msimamizi, kijana mwenye suti na redio ya mkononi, akiwa na tabasamu la kukodi. Akasema kwa Kiingereza kwamba mikutano ya dini hairuhusiwi humu, wateja wanasumbuka. Akamwambia yule mwanamke arudi kwenye deki yake. Yule mwanamke akainuka haraka, akabusu mkono wa wifi, akaondoka na ndoo yake bila kugeuka.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema tutoke, tunasumbua wateja."

Wifi akavaa kandambili zake kwa utulivu. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Halafu akainua macho darini, akatazama kwa muda mrefu, hata msimamizi naye akatazama.

"Mwambie mbingu yake inavuja."

Ilikuwa kweli. Pembeni mwa wingu kubwa palikuwa na doa la maji, la kahawia, lenye umbo la sahani, na rangi ya buluu imeanza kubanduka. Nikatafsiri kwa Kiingereza, na nikaongeza langu, kwamba hata soksi zake hazijakauka tangu afungue. Tabasamu likamtoka. Tukatoka kwa miguu yetu, polepole, kwa vile wifi kandambili zilikuwa zinamzidi.

Nje jua lilikuwa bado kali, likatupofua. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara ya maegesho tukimngoja fundi. Magari yalikuwa yanaingia tu, familia baada ya familia.

"Nilisoma sawa?" akaniuliza.

"Ulisoma sawa."

"Nilikuwa naogopa nimeruka pahala."

"Hukuruka."

"Sikumuuliza mtoto ana umri gani," akasema. "Wala kama ni mwanamume au mwanamke. Mtu anaombaje hivyo?"

Nilimwambia Mungu anajua, neno ambalo huwa nalidharau likisemwa na wengine.

Fundi alitokea baadaye, mikono mifukoni, uso umempwaya, wala hatukumuuliza mashine zimemfanya nini. Safari nzima ya kurudi hakueleza historia yoyote.

Mume wangu alipomwona dada yake mlangoni na kanzu nyeupe na mshipi wa kijani alikaa chini. Wifi akamwambia, "Usiniulize," akaingia kuoga, akamaliza maji ya moto yote. Kanzu aliifua mwenyewe, kwa mkono, mara mbili, akaianika na kuinyoosha, na katikati ya wiki akamlazimisha fundi ampeleke kuirudisha. Alimpelekea yule mama mkubwa doti ya khanga pia, moja katika zile alizokuwa amewaletea watu wa maana. Mimi sikupata.

Usidhani alibadilika. Kesho yake asubuhi alisema mapazia yangu yanatia giza. Na kwenye kikundi chao alituma picha moja tu ya siku ile, ambayo sikumwona akiipiga: ile mbingu ya dari, upande wa buluu, bila doa. Chini yake hakuandika neno, na wenzake wakamjibu mashaallah, magharibi ya mji wa kale hiyo, mashaallah, mpaka simu ikaisha chaji. Nilipomuuliza haoni haya, akasema, "Wao ndio walioona magharibi. Mimi nimesema nini?"

Amesharudi Dar. Hupiga simu Jumapili, huongea na mdogo wake, kisha huomba apewe mimi. Nikishika simu huanza kwa kulalamika kwamba sauti yangu imekwaruza, ninakunywa nini huko. Halafu huniuliza kama nimepita tena kule, kama nimemwona yule mwanamke wa deki. Mara ya kwanza nilimwambia ni mbali, na mimi si mtu wa kwenda penye kamari. Akakata simu.

Nilikwenda mwezi uliopita. Msichana wa mkahawa aliniambia huyo mama haonekani tena, hajui kahamia wapi. Nikasimama kidogo karibu na ile chemchemi. Mwanamke mwingine alikuwa anapiga deki, mdogo wa umri, akaniomba nisogeze mguu, nikausogeza. Bado sijajua nitamwambia nini wifi Jumapili hii.